Doa la wino kwenye zulia: namna ya kulitoa nyumbani bila kuharibu zulia wala kuhatarisha familia

Zulia si kitu kinachonunuliwa kila msimu. Familia nyingi vijijini hulinunua mara moja, pengine baada ya mavuno mazuri au zamu ya mchezo wa upatu, na hutarajia likae miaka mingi. Sebuleni ndipo wageni hupokelewa, na hapo hapo chini ndipo watoto hulala kifudifudi wakifanya kazi za shule. Kwa hiyo haishangazi kwamba kalamu hupasuka juu ya zulia hilo hilo tunalolitunza.

Habari njema ni kwamba madoa mengi ya wino hutoka, na vifaa vinavyohitajika hupatikana dukani kijijini au katika duka la dawa. Habari mbaya ni kwamba mara nyingi kinachoharibu zulia ni haraka ya kulisugua kwa chochote kilicho karibu, na wala si wino wenyewe. Tena baadhi ya vitu vinavyotumiwa kutoa wino vinaweza kuwasha moto au kutoa hewa ya sumu ndani ya chumba. Makala haya yanaeleza ufanye nini, kwa mpangilio upi, na uache nini kabisa.

KWA UFUPI

- Bonyeza doa kwa kitambaa cheupe kikavu. Usisugue.
- Tambua wino ni wa aina gani kabla ya kuchagua dawa.
- Jaribu dawa kwenye kona iliyojificha kwanza.
- Wino wa kalamu ya kawaida na wa maka peni huyeyushwa na spiriti. Wino wa maji hutolewa kwa maji, sabuni na siki.
- Zima jiko, kibatari na mshumaa kabla ya kufungua chupa ya spiriti.
- Usichanganye dawa ya klorini (wengi huiita Jik) na kitu kingine chochote zaidi ya maji.

DAKIKA ZA KWANZA

Wino mbichi bado uko juu ya nyuzi za zulia. Kadiri muda unavyopita, huzama hadi kwenye shina la nyuzi, kisha hufika kwenye kitambaa cha chini kinachozishikilia. Ukifika huko, kuutoa ni kazi ya siku nzima.

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, karatasi ya chooni iliyokunjwa mara kadhaa, au kipande cha shuka kuukuu jeupe. Weupe una sababu mbili: kitambaa cha rangi kinaweza kuachia rangi yake kwenye zulia, na kwenye kitambaa cheupe utaona kama wino unatoka au la. Kiweke juu ya doa, bonyeza kwa kiganja, kisha inua. Geuza upande safi, bonyeza tena. Endelea hivyo hadi kitambaa kisipate wino tena.

Doa likiwa kubwa, kwa mfano chupa ya wino imemwagika, nyunyiza chumvi ya mezani juu yake ungali mbichi. Chumvi hufyonza unyevu. Iache dakika chache, ikishabadilika rangi ikusanye kwa kijiko, na urudie kwa chumvi nyingine. Chumvi haiondoi doa, bali hupunguza wino utakaokusumbua baadaye.

Katika hatua hii usimwage maji. Maji mengi hueneza wino, na doa la ukubwa wa sarafu linaweza kuwa la ukubwa wa sahani. Maji ya moto ni mabaya zaidi, kwa sababu joto husaidia rangi kushika kwenye nyuzi.

NI WINO GANI HUO?

Swali hili ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata. Watu wawili wanaweza kutumia dawa moja, mmoja akafaulu na mwingine akashindwa, kwa sababu wino wao haukuwa wa aina moja.

Kalamu ya kawaida. Hii ndiyo kalamu ya bei nafuu yenye kigololi kidogo kwenye ncha, ambayo wengi huiita biki. Mtu aliyeifanya ifanye kazi vizuri ni László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria. Aliona kwamba wino wa magazeti hukauka haraka, akataka kalamu yenye wino wa namna hiyo. Wino huo ni mzito, na alisaidiwa na kaka yake György aliyejua kemia. Bíró alipata hataza yake mwaka 1938. Hadi leo wino wa kalamu hizi ni rangi iliyoyeyushwa katika vimiminika vyenye asili ya mafuta na alkoholi. Hauna maji, ndiyo maana maji peke yake hayaufanyi kitu. Spiriti huuyeyusha.

Maka peni. Hizi ni kalamu nene za kuandikia kwenye magunia, ndoo na maboksi. Wino wake una rangi pamoja na gundi maalumu, vyote vikiwa vimeyeyushwa katika kimiminika kinachokauka upesi. Spiriti husaidia, lakini mara nyingi kivuli cha rangi hubaki.

Kalamu za jeli na za maji, pamoja na rangi za watoto. Wino wake umetengenezwa kwa maji. Anza na maji baridi na sabuni. Baadhi ya kalamu za jeli zina rangi ya chembechembe ndogo sana ambazo haziyeyuki katika maji wala spiriti, na hizo ndizo ngumu zaidi.

Wino wa chupa na wa muhuri. Wino wa muhuri unaotumika katika ofisi za vijiji, vikundi na shule huwa wa maji au wa mafuta, kutegemea umetengenezwaje. Ufanyie jaribio lililo hapa chini.

Wino wa uchaguzi. Ule unaopakwa kidoleni baada ya kupiga kura katika nchi nyingi una naitreti ya fedha, kemikali inayobadilika kuwa nyeusi inapopigwa na mwanga. Umetengenezwa usitoke. Ukishakauka kwenye zulia, sabuni na spiriti haviusaidii.

Kama hujui ni wino gani, fanya jaribio rahisi. Lowesha ncha ya kitambaa cheupe kwa maji baridi, bonyeza pembezoni mwa doa. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, wino ni wa maji. Isipohamia, chukua kitambaa kingine kikavu, kitie tone la spiriti, bonyeza tena. Rangi ikitoka sasa, wino ni wa kalamu ya kawaida au maka peni.

NA ZULIA NI LA NINI?

Mazulia mengi yanayouzwa madukani na minadani yametengenezwa kwa nyuzi za viwandani, yaani za plastiki. Machache ni ya sufi, na mengine ni ya pamba. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu sufi ni nywele za mnyama, na dawa nyingine zinazovumiliwa na plastiki huila sufi.

Kama lebo imekwishapotea, ng'oa uzi mmoja mdogo upande wa chini wa zulia, nenda nao nje, uuchome kwa kiberiti ukiwa umeushika kwa koleo. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka, ni sufi. Ukiyeyuka na kuwa kijitone kigumu, ni plastiki. Ukiungua kama karatasi, ni pamba. Fanya jaribio hili nje, kabla hujatoa chupa ya spiriti.

Kwa zulia la sufi tumia maji ya baridi au ya uvuguvugu tu, sabuni laini, na siki kidogo. Dawa ya klorini huyeyusha sufi, na sabuni kali za kufulia pia huidhoofisha.

NJIA YA SPIRITI, HATUA KWA HATUA

Njia hii ni ya wino wa kalamu ya kawaida na wa maka peni.

Unahitaji spiriti isiyo na rangi inayouzwa katika maduka ya dawa kwa kusafishia ngozi, vitambaa vyeupe kadhaa, bakuli, maji baridi, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Spiriti ya kuwashia karabai, ile iliyotiwa rangi ya buluu au zambarau, haifai kwa zulia la rangi nyepesi kwa kuwa yenyewe inaweza kuacha doa. Kama huna spiriti, kitakasa mikono chenye alkoholi kinaweza kusaidia. Lakini kile cha jeli kina vitu vinavyoacha unato kwenye zulia, hivyo lazima doa lisuuzwe vizuri baadaye.

1. Fungua madirisha na milango. Zima moto wote wa chumba hicho na cha jirani. Watoto wakae nje.

2. Tia matone machache ya spiriti kwenye kona ya zulia iliyofichwa na kiti au kabati. Bonyeza kwa kitambaa cheupe kwa dakika moja. Rangi ya zulia ikitoka, acha njia hii. Isipotoka, endelea.

3. Tia spiriti kwenye kitambaa. Usimwage juu ya zulia. Mazulia mengi yana gundi chini inayoshikilia nyuzi, na spiriti nyingi inaweza kuilegeza hadi nyuzi zianze kung'oka.

4. Bonyeza doa kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Ukianzia katikati unausukuma wino nje na kupanua doa.

5. Kila kitambaa kinapopata wino, geuza upande safi. Kitambaa kilichokwisha kulowa wino hurudisha wino kwenye zulia. Hapa ndipo wengi huchoka na kukata tamaa, kwani doa la ukubwa wa sarafu linaweza kuhitaji kubonyezwa mara ishirini au zaidi.

6. Wino ukiacha kutoka, changanya kijiko kidogo kimoja cha sabuni ya maji katika vikombe viwili vya maji. Lowesha kitambaa safi, kikamue, ubonyeze mahali hapo ili kuondoa mabaki ya spiriti na wino.

7. Rudia kwa kitambaa chenye maji matupu hadi povu liishe. Sabuni ikibaki kwenye zulia hunasa vumbi, na baada ya wiki chache utaona doa jeusi pale pale ukadhani ni wino umerudi.

NJIA YA SABUNI NA SIKI

Njia hii ni ya wino wa maji: kalamu za jeli, rangi za watoto, na wino mwingi wa chupa. Inafaa pia mahali ambapo watu hawataki kutumia spiriti, kwa mfano kwenye zulia la nyumba ya ibada.

Changanya vikombe viwili vya maji, kijiko kikubwa kimoja cha siki nyeupe na kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Maji yawe baridi, au ya uvuguvugu ambao mkono hauusikii kuwa moto. Jaribu kwanza kwenye kona iliyojificha.

Lowesha kitambaa cheupe, kikamue kisichuruzike, weka juu ya doa na uache dakika tano. Kisha bonyeza kutoka ukingoni kuelekea katikati, ukibadilisha upande wa kitambaa. Rudia mara tatu au nne. Mwisho suuza kwa kitambaa chenye maji baridi, na kausha kwa kitambaa kikavu.

Kama hakuna siki, tumia sabuni peke yake. Sabuni ya unga ya kufulia haifai hapa. Hutoa povu jingi lisilosuuzika kwa urahisi kwenye zulia, na nyingine zina dawa za kung'arisha zinazoweza kubadilisha rangi ya zulia.

DOA LA ZAMANI

Wino uliokauka kwa wiki au miezi hautoki kwa dakika kumi, lakini haina maana kwamba hautoki kabisa. Kwanza ulainishe. Glisarini, ile ile inayouzwa kwa kupaka ngozi, husaidia wino wa kalamu uliokauka kulegea. Chagua isiyo na rangi wala manukato. Paka kiasi kidogo juu ya doa, acha nusu saa, ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha endelea na njia ya spiriti au ya siki kulingana na aina ya wino.

Fanya kazi kwa awamu. Bonyeza, suuza, acha zulia likauke, tazama kesho. Doa likiwa limepungua hata kidogo, rudia. Likiwa limebaki vile vile baada ya awamu tatu, ujue umefika mwisho wa kile ambacho dawa za nyumbani zinaweza kufanya. Kuendelea kusugua kutaacha alama ya nyuzi zilizochakaa, na alama hiyo haitoki kamwe.

YANAYOSEMWA NA MAJIRANI

Kila kijiji kina dawa yake ya wino. Baadhi zina ukweli ndani yake, nyingine zinaongeza tatizo.

Maziwa. Hushauriwa sana. Yanaweza kulegeza wino kidogo kwa sababu yana maji na mafuta, lakini mabaki yake huoza ndani ya zulia, yakanuka na kuvuta wadudu. Kwa nguo inayoweza kufuliwa ni afadhali. Kwa zulia usiyatumie.

Dawa ya meno. Ina unga laini wa kukwangua uchafu. Kwenye meza au ukuta inaweza kusaidia. Kwenye zulia hukwangua nyuzi, na weupe wake hubaki katikati ya nyuzi hizo.

Dawa ya nywele ya kupuliza. Iliwahi kufanya kazi kwa sababu ilikuwa na alkoholi nyingi. Zinazouzwa sasa mara nyingi zina alkoholi kidogo zaidi, na gundi yake ya kushikilia nywele hubaki kwenye zulia. Spiriti ni bora na ni rahisi.

Ndimu au limao. Asidi yake husaidia zaidi madoa ya kutu. Kwa wino wa kalamu ya kawaida haina nguvu. Pia inaweza kuchujua rangi ya zulia, hasa likianikwa juani.

Dawa ya kutoa rangi ya kucha. Nyingi zina asetoni. Huyeyusha wino kweli, lakini pia inaweza kuyeyusha aina fulani za nyuzi na gundi ya chini ya zulia. Inawaka moto kama spiriti. Usianze nayo.

Mafuta ya taa na petroli. Usitumie. Mafuta ya taa huacha mafuta na harufu isiyokwisha, na zulia lililolowa mafuta hayo hushika moto kwa urahisi. Petroli ndani ya nyumba ni hatari kubwa, hata kama ni kifuniko kimoja tu cha chupa.

HATARI TATU ZA KUZINGATIA

Zulia linaweza kununuliwa tena. Sehemu hii inahusu visivyonunuliwa.

Moto. Spiriti hutoa mvuke hata kwenye joto la kawaida la chumba, na mvuke huo ndio unaowaka. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni, pale pale lilipo jiko la mkaa, kibatari au dawa ya mbu iliyowashwa. Mwali wa spiriti ni hafifu na mchana hauonekani vizuri, hivyo mtu anaweza kuusogelea bila kujua. Tumia spiriti mchana, milango ikiwa wazi, bila moto wowote na bila sigara. Funga chupa mara tu unapomaliza kutia kwenye kitambaa. Vitambaa vilivyotumika vianike nje hadi vikauke kabisa kabla ya kuvitupa, na usivichome vikiwa vibichi.

Mtu akishika moto, asimame pale pale, ajilaze chini na ajiviringishe, au afunikwe kwa blanketi zito. Moto ukizimika, mimina maji safi ya baridi ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta wala matope kwenye jeraha.

Hewa ya sumu. Dawa ya klorini ikikutana na siki, ndimu au dawa za kusafishia vyoo zenye asidi, hutoa gesi ya klorini inayounguza macho na mapafu. Ikikutana na dawa zenye amonia, au na mkojo ulioganda chooni, hutoa gesi nyingine inayodhuru. Hata kuichanganya na spiriti hutoa kemikali zenye madhara. Mtu aliyejaribu siki ikashindikana, kisha akamwaga Jik pale pale, amekwishatengeneza mchanganyiko huo bila kukusudia. Ukisikia harufu kali inayokaba koo, toka nje mara moja, uwatoe na wengine, uache mlango wazi. Anayeendelea kukohoa au kupumua kwa shida apelekwe kituo cha afya.

Hata peke yake, dawa ya klorini haifai kwa zulia la rangi. Huondoa rangi ya zulia kabla ya kuondoa wino, na mahali pa doa la buluu unapata doa jeupe.

Kunywa kwa bahati mbaya. Usihifadhi spiriti katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Spiriti ya kuwashia karabai inaweza kuwa na methanoli, ambayo hata kiasi kidogo kinaweza kupofusha au kuua, na dalili zake zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Mtoto akinywa, usimlazimishe kutapika na usisubiri dalili. Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiwa na chupa yenyewe, ili mhudumu aone ni kitu gani. Spiriti ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15.

KUKAUSHA ZULIA

Zulia lililoachwa na unyevu huanza kuota ukungu ndani ya siku moja au mbili, na ukungu huleta harufu na shida ya kupumua kwa wenye pumu. Zulia lililowekwa juu ya sakafu ya saruji au ya udongo hukauka polepole zaidi, kwa sababu upande wa chini haupati hewa.

Baada ya kutoa doa, weka kitambaa cheupe kikavu kilichokunjwa juu ya mahali hapo, na juu yake weka kitu kizito kama ndoo ya maji iliyofunikwa. Acha usiku kucha. Unyevu unapopanda kutoka chini hubeba wino uliobaki, na kitambaa huufyonza. Usipofanya hivyo, wino huo hupanda hadi ncha za nyuzi, na asubuhi utakuta doa limejitokeza upya.

Siku inayofuata, kama zulia linainuka, litundike kwenye kamba imara au juu ya benchi mbili mahali penye upepo na kivuli. Jua kali husaidia kukausha, lakini huchujua rangi, na doa ambalo halijaisha linaweza kushika zaidi. Zulia lililogundishwa sakafuni, kama yale ya baadhi ya misikiti, makanisa na ofisi, halipaswi kuloweshwa kabisa. Fanya kazi kwa kitambaa kilichokamuliwa, na uache madirisha wazi hadi sehemu hiyo ikauke.

KAMA NI MKEKA AU SARE YA SHULE

Mkeka wa ukindu huwa na rangi za kuchovya ambazo huchuruzika zikipata maji au spiriti. Futa wino kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni, ukifuata mwelekeo wa ususi, kisha anika kivulini. Mkeka wa plastiki huvumilia spiriti kidogo ukiifuta upesi, lakini asetoni inaweza kuuyeyusha.

Sare ya shule ni rahisi kuliko zulia, kwa sababu inageuzika. Tandaza kitambaa cheupe kilichokunjwa chini ya doa, geuza upande wa ndani wa sare ukae juu, kisha bonyeza kwa kitambaa chenye spiriti. Wino utashuka kwenye kitambaa cha chini. Sogeza kitambaa kila kinapolowa. Halafu fua kwa sabuni na suuza sana. Usipige pasi kabla doa halijaisha, maana joto la pasi hulifanya likae. Kabla ya kushika pasi ya mkaa, hakikisha spiriti yote imetoka kwa kufua na nguo imekauka.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTOA

Kalamu huvuja zaidi zikikaa kwenye joto, kama vile dirishani juani au juu ya redio, na zikibebwa mfukoni bila kifuniko. Kipande cha ubao, trei au boksi lililofunguliwa kinatosha kuwa meza ya mtoto anayeandika sakafuni. Wino wa muhuri na wa chupa ufunguliwe juu ya meza, nje ya zulia, hata kama kikao cha kikundi kinafanyika sebuleni.

Pia waambie watoto watoe taarifa mara tu wino unapomwagika. Mtoto anayeogopa kuchapwa hufunika doa kwa mto au kulisugua kwa mate na kiganja, na mzazi huligundua baada ya siku tatu. Anayeita mapema huokoa zulia, maana dakika kumi za mwanzo, kitambaa cheupe na mkono unaobonyeza bila kusugua hufanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote itakayonunuliwa baadaye.